Kumrudisha Mnyama Aliyekwisha: Yafaa au Haifai?



Katika mafundisho ya amri ya saba mmekwisha kusikia hivi: mwivi anayetubu hana budi kurudisha mali aliyoiba. Kusema "nimekosa", na huku mbuzi wa jirani angali amefungwa uani kwake, si kutubu. Leo tulitumie fundisho hilo kwa jambo lingine. Siku hizi wataalamu wanatafuta njia ya kuwarudisha duniani wanyama waliokwisha. Je, kazi hiyo yafaa?

Tuangalie kwetu Kongo. Huko Uele, katika hifadhi ya Garamba iliyowekwa mwaka 1938, waliishi vifaru weupe wa kaskazini. Watu waliwaua kwa ajili ya pembe, ambayo huuzwa mbali kwa bei kubwa kama dawa, na kumbe ni kitu kile kile cha kucha zetu. Mwaka 1984 walibaki 15 tu. Wakalindwa, wakaongezeka, kisha vita vikaleta bunduki, majangili wakarudi. Kufika mwaka 2008 hakuonekana tena hata mmoja porini. Dume wa mwisho, aliyeitwa Sudan, alikufa nchini Kenya tarehe 19 Machi 2018. Wamebaki majike wawili, Najin na binti yake Fatu, wala hawawezi kubeba mimba.

Wataalamu hufanyaje? Huchukua mayai ya Fatu, huyaunganisha na mbegu za madume waliokufa, zilizohifadhiwa katika baridi kali, ili mimba ichukuliwe na kifaru jike wa jamii ya kusini.

Huko Hispania walijaribu jambo gumu zaidi. Mbuzi-mwitu wa mwisho wa milima ya Pirenei, jike, alikufa mwaka 2000. Chembe za ngozi yake zilikuwa zimehifadhiwa. Wataalamu walitia kiini cha chembe hizo katika yai la mbuzi wa kufugwa, na mwaka 2003 akazaliwa mtoto mfano wake kabisa. Akafa baada ya dakika chache, kwa ubovu wa mapafu. Na hata angeishi, angempata wapi dume?

Wengine huuliza: Je, huko si kujifanya Mungu? Hapana. Mungu peke yake huumba pasipo kitu. Wataalamu hutumia vile alivyokwisha kuviumba. Pasipo chembe hai na tumbo la mama hawawezi neno. Akili yao nayo ni zawadi yake. Lakini Adamu alikabidhiwa wanyama awe msimamizi, wala si mwenye mali. Mchungaji anayemaliza kundi la bwana wake atadaiwa.

Basi jibu ni hili: kumrudisha mnyama tuliyemmaliza kwa mikono yetu kwafaa, kwa kuwa ni kurudisha mali iliyoibwa. Lakini kuna masharti mawili. Awepo na wenzake na pori la kuishi. Na uuaji ukome. Mwivi akirudisha mbuzi mchana na kumwiba tena usiku, amerudisha nini? Mwaka 2023 vifaru weupe 16 wa jamii ya kusini waliletwa Garamba kutoka Afrika ya Kusini. Pembe zao ni zile zile, na wanunuzi ni wale wale.

Tena, afadhali kutoiba kuliko kurudisha. Okapi angali hai katika msitu wa Ituri, naye porini hapatikani katika nchi nyingine yoyote. Yeye hahitaji wataalamu wa kumfufua. Ahitaji tu tusimtegee mtego. Ni kweli, njaa ni kali, na mnunuzi wa ngozi huja na fedha mkononi. Lakini fedha hiyo huisha kwa mwezi mmoja, na mnyama akiisha, hata watoto wa watoto wetu hawatamwona.

Maswali ya kujibu mbele ya mwalimu:

Wanyama ni mali ya nani? Ni mali ya Mungu. Sisi tu wasimamizi.

Yafaa kumrudisha mnyama aliyekwisha? Yafaa, ikiwa tumeacha kuua.

Na aliye hai? Tumtunze leo, maana mtoto wa mbuzi yule wa Pirenei, kwa elimu yote ya wataalamu, aliishi dakika chache tu.