Ndiyo au Hapana kwa Kitabu Kizima



Kura ya kumchagua mbunge tumeizoea. Kura ya maoni ni kitu kingine: unapewa kitabu kizima, halafu unaambiwa sema Ndiyo au Hapana, basi. Sisi wa Usoke tunaolima tumbaku tunalielewa hili. Robota linapewa daraja moja, hata kama ndani majani hayafanani.

Ndivyo ilivyokuwa kwa Katiba Inayopendekezwa, iliyopitishwa na Bunge Maalum Oktoba 2014. Ndani yake kulikuwa na mgombea binafsi, haki ya kupinga matokeo ya urais mahakamani, na usawa wa wanawake na wanaume bungeni. Lakini serikali tatu za rasimu ya Jaji Warioba ziliondolewa, na wajumbe wa UKAWA walishasusa tangu Aprili. Mtu anayetaka la kwanza na kulikataa la pili afanyeje?

Huku kwetu kulikuwa na la ziada. Mwenyekiti wa Bunge lile alikuwa Samuel Sitta, mbunge wa Urambo Mashariki, yaani mtu wa nyumbani. Kisha Machi 2015 Jukwaa la Wakristo, ambamo maaskofu wetu wamo, likatoa tamko: waamini wapige Hapana. Sababu mojawapo ilikuwa muswada wa Mahakama ya Kadhi. Haikupita muda, Kardinali Pengo akasema hadharani kwamba hakubaliani. Waamini waachwe wasome na waamue wenyewe. Sasa hapo unamfuata nani?

Wengi hujibu haraka: fuata dhamiri. Sawa, ila neno hilo tunalichezea. Dhamiri siyo "mimi naona tu hivyo". Kanisa linafundisha kwamba dhamiri inaelimishwa, na hiyo ni kazi, tena ya kuchosha. Anayesema Hapana kwa kuwa tu ameambiwa kanisani, na anayesema Ndiyo kwa kuwa Sitta ni wa kwetu, wote wamempa mtu mwingine kalamu yao. Sisemi maaskofu wapuuzwe, hapana jamani! Mchungaji akionya, unasimama, unasikiliza sababu zake, unazipima kwa sala. Lakini kwenye kile chumba cha kura unaingia peke yako.

Na Hapana nayo haikuachi na mikono mitupu. Ukikataa, Katiba ya 1977 inabaki, na matokeo ya urais yanabaki hayahojiwi mahakamani. Kenya mwaka 2010 maaskofu Wakatoliki walipinga katiba mpya kwa ajili ya ibara inayogusa utoaji mimba. Wananchi wakaipitisha tarehe 4 Agosti kwa takriban theluthi mbili ya kura. Mkatoliki aliyeisoma ibara ile, akasali, akaona mema ya kitabu ni mazito zaidi, siwezi kumhukumu. Aliyepinga kwa kutetea uhai, namheshimu. Ambaye hakukifungua kabisa ndiye ananitia wasiwasi.

Kura yetu sisi haikupigwa. Ilipangwa tarehe 30 Aprili 2015, ikaahirishwa kwa sababu uandikishaji wa wapiga kura ulikuwa haujakamilika, na mpaka naandika haya haijaitishwa tena. Kitabu kipo. Jumapili hii naanza na sura ya haki za binadamu. Anayetaka tusome pamoja anikute nje ya kanisa baada ya misa ya pili, aje na kalamu.