Njia Zote za Lamu Huishia Majini

Mtu wa Nairobi anayeazimia kwenda Lamu kupumzika ana hiari ya kupanda ndege asubuhi na adhuhuri akawa amekaa mbele ya sahani ya samaki wa kupaka, au ya kuteremka hadi Mombasa akapanda basi lipitalo Kilifi, Malindi, Garsen na Witu mpaka Mokowe, ambako bara hukoma. Na wako wachache, aghalabu vijana wasiopata kuugua bahari, wanaotamani kwenda kwa jahazi kama walivyokwenda wazee wetu.

Wazee wetu hawakuwa na hiari hiyo. Aliyetaka kutoka Mombasa kwenda Lamu kwa tanga alingoja kusi, upepo uvumao tangu Aprili hadi mnamo Septemba, ambao ndio huohuo uliopeleka boriti za mikoko za Lamu hadi Bara Arabu. Na aliyetaka kurudi hakuwa na budi kustahamili mpaka kaskazi ishike kuanzia Desemba, maana baina ya pepo hizo mbili kulikuwa na maleleji yasiyo na ahadi, na nahodha mwenye akili hakuyaamini kwa roho za watu. Sisemi haya kwa kuutamani wakati ule: jahazi lilikuwa na jua, na kiu, na kutapika, na wanaolisifu mno ni wale waliolisoma vitabuni.

Iliyobadilika kuliko zote ni njia ya basi. Kabla ya daraja la Kilifi kufunguliwa mwaka 1991, magari yalipanga foleni kungoja pantoni, na huko mbele ya Garsen, masika yakishika, basi lilizama topeni hata abiria wakashuka kusukuma, kanzu na buibui zikirukiwa matope bila kuchaguliwa. Leo lami imefika, ingawa Mto Tana ukifurika bado huweza kuikata, na vizuizi vya askari, ambavyo tangu mashambulio ya Mpeketoni ya mwaka 2014 vimekuwa sehemu ya safari yenyewe, humlazimu msafiri kutoa kitambulisho chake mara kwa mara na kujibu kwa upole.

Hata hivyo, aliyeruka na aliyetambaa hukutana mahali pamoja. Ndege haitui Lamu. Hutua Manda, kisiwa kinachoikabili, na basi nalo haliwezi kuipita Mokowe. La budi kila mtu ashuke chomboni. Na ngazi za gati, maji yakipwa wakati wa bamvua, hushika ukoga wenye utelezi, chombo kikipanda na kushuka pale chini, hata hapana ashukaye kwa kiburi: nimemwona bwana mwenye viatu vya bei akivichukua mkononi na kumnyooshea baharia mkono ule mwingine, kisha akageuka, bila kuombwa, kumpokea mtoto mchanga wa mama asiyemjua, naye akampitisha kwa mzee aliyekwisha kaa, na mzee akampakata mpaka mama alipotulia penye ubao na kapu lake la kuku. Hakuna aliyemshukuru mwenziwe kwa maneno mengi; palikuwa na "haya, bismillahi", na mashine ikawashwa.

Jambo hili ndilo ninalolithamini katika safari za Lamu kuliko ufuo wa Shela na mchanga wake. Mji ambao mgeni hauingii ila kwa kushikwa mkono na mwenyeji humfundisha adabu kabla hajafika, na ndiyo maana nikimsikia mtu barazani akitamani daraja la kuvukia magari mimi huwa mgumu kumwafiki, kwani magari yakisha kuingia katika vichochoro vile ambavyo punda wawili hupishana kwa taabu, sijui mji utabaki na nini cha kumwonyesha huyo aliyeharakia.

Lakini mja mzito aliyeshikwa na uchungu usiku wa manane huko Mokowe, hali hospitali kuu iko kisiwani, hana haja na falsafa yangu. Kwake kuvuka si adabu bali ni hatari, na mwenye kulikataa daraja kwa sababu ya raha za wageni wa likizo ana deni kwake. Basi na kiwekwe chombo cha wagonjwa chenye nahodha asiyelala na mafuta yasiyokatika, hapo gatini, usiku na mchana. Kikipatikana hicho, hoja ya daraja tutaijadili kwa nafasi.