Mkimbizi Ana Jumapili?

Neno kupumzika limetoka kwenye pumzi. Anayepumzika anarudisha pumzi yake, basi. Kustarehe ni jambo lingine kidogo: mtu akilisikia anaona kiti, soda baridi, muziki, na pesa ya kuchezea. Naanza na maneno haya mawili kwa sababu mdogo wangu, anayekaa kwenye hema huko Musenyi, alichagua la pili. Alisikia kwamba Jumapili sisi tulikuwa kando ya ziwa hapa Bujumbura, akanitumia sauti kwa simu: "Yaya, munatoa wapi roho ya kustarehe?"

Msidhani ni wivu. Yeye alivuka Rusizi mwezi wa pili 2025, pamoja na makumi ya maelfu ya watu wa kwetu, akalala kwenye uwanja wa mpira wa Rugombo, kule Cibitoke. Uwanja wa mpira! Mahali palipotengenezwa kwa mchezo pakawa chumba, jiko na choo. Mtu aliyelala pale ana haki ya kuuliza mchezo ni wa nani.

Kwa karatasi, jibu lipo. Azimio la Dunia la Haki za Binadamu la 1948, kifungu cha 24, linampa kila mtu haki ya kupumzika. Na Mkataba wa Geneva wa 1951 kuhusu wakimbizi, ajabu, kwenye kifungu cha 24 vilevile, unataja saa za kazi na likizo yenye malipo kwa mkimbizi anayekaa nchini kihalali. Likizo yenye malipo! Mimi nafundisha jiografia na nalipwa kwa saa. Wanafunzi wakienda likizo, mfuko wangu nao unaenda likizo. Lakini hata hivyo karatasi hizo zinanihusu mimi kuliko zinavyomhusu mdogo wangu, na hapo ndipo nilipoanza kulielewa swali lake.

Musenyi hana kazi. Anaamka, anasubiri mayi, anasubiri chakula, anasubiri jina lake lisomwe kwenye liste. Kwa hesabu ya saa, yeye ana nafasi nyingi kuniliko. Je, anapumzika? Hapana. Kukaa bure si kupumzika, kwa sababu hakuna kilichokuchosha ambacho unakiacha mlangoni. Siku zake saba zote zina sura moja. Wazee wanasema kazi mbaya si mchezo mwema, na zamani nilidhani ni maneno ya kutuchapa tuwe na bidii. Sasa nasikia kingine: asiye na kazi, hata mchezo unamkimbia. Jumapili yangu inatoka kwenye Jumatatu yangu. Kinachomuuma ndugu yangu, nadhani, ni hiyo Jumatatu, ila ziwa ndilo linaloonekana kwenye picha.

Basi nikiacha kwenda ziwani, yeye anapata nini? Pesa inatumwa kwa simu, saa haitumwi. Saa zangu tatu za Jumapili hata nikizikataa hazifiki Musenyi. Najua mtu atasema: muzee, hizo saa tatu ungefundisha mtoto wa tajiri nyumbani kwake, ukatuma hiyo pesa. Ni kweli, na miezi mingine nafanya hivyo. Lakini na watoto wangu je? Wao wamezaliwa hapa. Jumapili ndiyo siku ninapowaonyesha milima ya ng'ambo, juu ya Uvira, na kuwaambia ile ndiyo kwetu. Siku moja tulifika hadi Mugere, kusini ya mji, kwenye jiwe kubwa lililoandikwa majina ya Livingstone na Stanley na mwaka 1871. Mwezi ule wale wazungu wawili walipiga makasia kutoka Ujiji hadi huku juu, wajue kama Rusizi inaingia ziwani au inatoka. Mtoto wangu wa pili akauliza kwa nini hawakuuliza wavuvi tu. Swali hilo nimelipeleka darasani. (Sijui kama hiyo ni kazi au ni mapumziko. Mwenye kulipa saa anasema si kazi.)

Mdogo wangu ni fundi wa kushona. Mashini yake ilibaki ng'ambo. Kama deni langu kwake ni Jumatatu, basi deni hilo lina bei, na kwetu limeandikwa kwenye daftari la nyumba, chini ya kodi. Kila mwezi tunaweka kidogo. Itachukua muda, na soda za watoto zinaurefusha. Hilo nilimwambia wazi, sikulificha. Akanyamaza siku mbili, halafu akauliza kama itakuwa ya miguu au ya mkono.

Mke wangu, anayeuza ndagala Ruvumera, ndiye alileta swali gumu kuliko hilo. "Papa watoto, hiyo Jumapili munayoandikia watu, nani anapika?" Mkataba wa Geneva haumjibu. Sasa Jumamosi jioni tunachemsha maharage ya siku mbili, na Jumapili makala haiwashwi. Watoto wanalalamika juu ya maharage baridi. Yeye analala mpaka saa tatu.