Wimbo wa Wote, Wimbo Wangu

Katika kumbi za harusi za Afrika Mashariki, "Malaika" hupigwa bila mtu kushtuka. Bibi harusi anatabasamu, wapiga picha wanasogea, shangazi mmoja anaangua kigelegele. Lakini ukiyasikiliza maneno yenyewe, wimbo ule ni wa mtu aliyekosa mahari. Msichana anampenda, kumuoa angemuoa, ila mfukoni hana kitu. Ni wimbo wa ndoa iliyoshindikana, unapigwa kwenye ndoa iliyofanikiwa, na hakuna anayeona kasoro.

Tungeweza kusema watu hawasikilizi maneno, tukaishia hapo. Nadhani tungekuwa tumekimbia swali. Wimbo mmoja hupataje kumganda mtu maisha yake yote, na kwa nini kila aliyegandwa huamini ameimbiwa yeye, hali unasikilizwa na maelfu?

Jibu la haraka ni kumbukumbu. Ulikuwa kijana, ulipenda, redio ya jirani ikawa inaupiga wimbo huo, na viwili hivyo vikashikana. Ni kweli kwa kiasi chake. Watafiti wa kumbukumbu wameona kwamba watu wazima hushikamana zaidi na muziki wa miaka yao ya ujana. Lakini harufu ya udi nayo hukumbusha. Inakurudisha nyumbani kwa bibi yako, kisha inanyamaza. Haisemi neno kwa niaba yako. Tena upo wimbo unaotupiga siku ya kwanza tunapousikia, kabla hatujawa na historia yoyote nao. Kumbukumbu inaeleza kwa nini wimbo unarudi. Haielezi kwa nini uliingia.

Jibu la pili ni ujumbe: wimbo hudumu kwa sababu unasema kweli. Mtakatifu Augustino, Mwafrika wa Thagaste, mji ulioko Algeria ya leo, alilipima jibu hili katika Maungamo yake, aliyoanza kuyaandika mwishoni mwa karne ya 4. Anakiri kwamba mara nyingine uimbaji humgusa kuliko yale yanayoimbwa, na hilo analihesabu kuwa dhambi. Hata hivyo hathubutu kutaka nyimbo zifutwe kanisani, maana anayakumbuka machozi aliyomwaga alipozisikia siku za mwanzo za imani yake. Askofu aliyetaka maneno yatawale na sauti itumike alijikuta hawezi kuvitenganisha ndani ya nafsi yake mwenyewe.

Mimi naona tofauti ya wimbo na maneno mengine iko kinywani. Ukisoma hadithi ya mtu aliyekosa mahari, aliyekosa ni yeye. Unamhurumia, unafunua ukurasa unaofuata. Ukiuimba wimbo wake, "mimi" anayelalamika ni wewe. Koo ni lako, pumzi ni yako, ila mahali pa kuivuta amekupangia mtu usiyemjua. Kisa chake unaweza kumsimulia mwenzako kwa sentensi moja. Wimbo wenyewe haufupishiki, sharti uupitie wote kwa mwendo wake. Kwa dakika chache umemwazima mtu baki mwili wako. Ndiyo maana hata maneno tuliyoyasikia vibaya hayatoki. Wengi tumekua tukiimba beti za Kilingala tusizozielewa, kila mtaa na matamshi yake. Siku moja mtu anakueleza ubeti unasema nini, unashangaa, na kesho yake unauimba vilevile kama zamani.

Ukumbi wa taarab unalionesha jambo hili waziwazi. Mwanamke anakaa ubeti wa kwanza na wa pili bila kujitikisa. Unapofika mstari anaoungoja, anainuka, noti iko kwenye ncha za vidole, anakwenda kwa madaha kumtunza mwimbaji, na njiani anapita makusudi mbele ya meza fulani. Ukumbi mzima umeelewa, au unajifanya umeelewa. Mtunzi wa shairi hamjui mama huyu wala hasimu wake. Pengine aliandika habari za chombo na mawimbi. Kwa mstari ule shairi limekuwa la mama huyu, na bado hajarudi kitini mwingine ameshainuka kwa mstari huohuo, na kisa chake tofauti kabisa.

Basi wimbo ni mtupu, na wowote ungefaa? Hapana. Angalia tena "Malaika": una umaskini, una msichana, una ndege, hauna jina la mtu, kijiji wala mwaka. Ungetajwa ukoo wa msichana na kiasi cha mahari, tungekuwa mashahidi wa kesi ya watu wawili. Ungeondolewa umaskini, ingebaki sifa ya uzuri kama nyingine elfu. Utunzi mkubwa ni kukijua kipimo hicho: uzito wa kutosha kuuma, na uwazi wa kutosha mgeni kuingia. Ndiyo maana katika albamu ya mwaka 1965 Harry Belafonte na Miriam Makeba waliweza kuuimba pamoja, lalamiko la mwanamume mmoja likawa la mwanamume na mwanamke, na mbele ya wasikilizaji wa Marekani wasiojua Kiswahili halikupoteza kitu.

Hapa ndipo fahari yetu inapoguswa. Tumezoea kudhani kwamba hisia za ndani kabisa ni zetu peke yetu, na kwamba maneno ya watu yanaishia nje. Wimbo unatuumbua. Mtu akitaka kusema lililo lake kuliko yote, anafungua kinywa na kutoa maneno ya mwingine. Wala silioni hilo kuwa upungufu. Uchungu usiopata sauti hata mwenye nao haujui vizuri. Anaujua siku anapousikia kwa mtu mwingine na kusema, ndiyo huu.

Fadhili William, aliyeurekodi "Malaika" Nairobi karibu na mwaka 1960, alifariki mwaka 2001, na ubishi wa nani hasa aliutunga haukufa naye. Adam Salim wa Tanzania naye alidai ni wake. Huo ni ubishi wa haki na fedha, na mrabaha umfikie anayestahili. Lakini sisi tuliolilia, tulioposea na tulioolea wimbo huo tuna deni jingine ambalo mahakama haiwezi kulikadiria: tulijijua kwa sauti ya mtu ambaye hakujua kwamba tupo. Deni la namna hiyo hulipwa kwa njia moja tu. Uuimbe wimbo mbele ya mwingine, auchukue, naye aukosee apendavyo.