Mti Kando ya Mto wa Mchanga

Zaburi ya kwanza ni kati ya sehemu za Maandiko ambazo Wakristo wetu wengi wanazijua kwa moyo. Tunaisoma siku ya kipaimara, tunaisoma katika ibada ya mazishi ya mzee aliyelitumikia kanisa, na mara nyingi tunaiweka pamoja na Yeremia 17:7-8, ambapo nabii anatumia mfano uleule wa mti ulio karibu na maji. Fundisho tunalolipata humo ni la kweli: mwenye haki hajitoshelezi, anaishi kwa kupokea. Mto unatoa, mti unapokea.

Lakini katika nchi kame mfano huu una upande wa pili, na upande huo unatuletea swali zito. Aliyepokea anadaiwa nini? Anadaiwa nini na wale ambao maji hayo bado hayajawafikia? Tunapenda kulitafakari swali hili kwa kuitazama kwanza miti yenyewe na mito yenyewe.

Yeremia hakuishi katika nchi ya mito mikubwa isiyokauka. Uyahudi ina mabonde ambayo hujaa maji kwa muda mfupi mvua inyeshapo, kisha hubaki makavu. Ndiyo maana nabii anapousifu ule mti anautaja mwaka wa ukame. Sisi tulio katika kanda kame za Iringa na Dodoma tunaielewa nchi ya namna hiyo. Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha iko mito ya Mwagusi na Mdonya, ambayo kwa sehemu kubwa ya mwaka ni njia pana za mchanga mtupu. Mgeni akifika mwezi wa Septemba atasema kwamba hapa hakuna mto. Tembo wanajua zaidi. Wanachimba mchanga mpaka maji yatokee, na wanyama wengine hunywa baada yao. Katika vijiji vingi vya nchi kavu akina mama nao huchimba vivyo hivyo na kuchota kwa kata. Mvua inaponyesha, sehemu kubwa ya maji yanayopita huzama chini, na mchanga huyahifadhi yasinyweshwe na jua.

Maji hayo yaliyofichika ndiyo yanayoiweka hai miti ya kingoni. Iko mikuyu, iko mikwaju, na uko ule mti mkubwa wa jamii ya migunga ambao wataalamu huuita Faidherbia albida. Mti huu una tabia ya ajabu: hupukutisha majani wakati wa mvua na huwa wa kijani wakati wa kiangazi, kwa sababu mizizi yake hushuka mbali sana kuyafuata maji. Wakati nyasi zote zimekauka, huangusha maganda yake ya mbegu, na tembo hula na kuzisambaza mbegu hizo kwa samadi yao.

Mpaka hapa bado ni habari ya mti unaopokea. Sasa tuone mti unafanya nini.

Mto wa nchi kavu ukija, huja kwa nguvu. Ukikuta kingo zisizo na miti, unazimega, unatanuka, unakuwa mpana na wenye kina kifupi, na mikondo yake hutawanyika huku na huku. Ukikuta kingo zenye miti, mizizi inaushika udongo kama vile kamba zinavyoushika mzigo. Mashina na vichaka hupunguza mwendo wa maji ya pembeni, na maji yakipunguza mwendo hutua tope na mchanga waliokuwa wameubeba. Ukingo unanyanyuka, na mkondo unabaki katikati ukiwa mwembamba na wenye kina. Hata mti ulioanguka unaendelea na kazi. Gogo lake likilala mtoni, maji huchimba shimo upande mmoja, na mchanga hujikusanya upande wa pili. Katika shimo hilo maji hukaa muda mrefu zaidi baada ya mto kukatika. Juu ya mchanga ule mbegu mpya huota, na pengine kisiwa huanza.

Huko Minnesota, Marekani, ambako Walutheri wa Iringa wana ndugu wa siku nyingi, watafiti walitengeneza mto mdogo wa mchanga ndani ya maabara. Ulipoachwa wenyewe, ulijigawa katika vijito vingi vilivyohamahama. Kisha wakawa wanasia mbegu za alfalfa, majani ya mifugo, kila maji yalipopungua. Mimea ilipoota na kushika udongo, vijito vile vikakusanyika kuwa mkondo mmoja. Matokeo yalichapishwa mwaka 2007. Vijani vidogo tu, lakini vilibadili sura ya mto.

Basi, nani amemfanya mwenzake? Mto umeuotesha mti, na mti umeuchongea mto njia yake. Hata hivyo vitu hivi viwili havilingani. Hakuna mti uliowahi kuita mvua katika Uwanda wa Usangu au milima ya Kipengere. Maji yanatoka juu, na yanatoka kwanza. Mti usiopata maji hauna mizizi ya kushikia chochote.

Hapa imani yetu ya Kilutheri inatambua sauti yake. Luther, katika kitabu chake cha mwaka 1520 juu ya uhuru wa Mkristo, anaikumbusha hoja ya Bwana Yesu ya mti na matunda: matunda hayaufanyi mti uwe mwema, bali mti mwema huzaa matunda mema. Neema hutangulia. Tukisahau hilo, tunakuwa kama mti unaojisifu kwamba umeumba mto. Lakini liko kosa la pili, nalo huvaa nguo ya unyenyekevu. Ni la mtu anayesema kwamba, kwa kuwa kila kitu ni neema, kazi yake ni kunywa tu. Mti wa namna hiyo haupo. Mti unaokunywa una mizizi, na mwenye mizizi ameshika ukingo, apende asipende. Swali lililobaki ni kama anaushika kwa ajili yake peke yake.

Kwa maana hata kushika kunaweza kuzidi. Miche mingi ya kingoni huhitaji mchanga na tope jipya ili iote, na vitu hivyo huletwa na mafuriko yaleyale yanayoiangusha miti mizee. Pale ambapo mafuriko yamezuiwa kabisa, vichaka vinaweza kuingia hadi katikati ya mkondo na kuubana. Kuushika ukingo ni wema, lakini kuufunga mto ni jambo jingine. Wazee wa kanisa, na sisi wachungaji pamoja nao, tuna la kujifunza hapa kila vijana wanapoomba nafasi.

Sasa tushuke kwenye jambo lenyewe linaloumiza. Mto Ruaha Mkuu, ambao wazee waliujua ukitiririka mwaka mzima, ulisimama kiangazi cha mwaka 1993 ndani ya hifadhi, na tangu hapo umekuwa ukikatika kiangazi baada ya kiangazi. Sababu kubwa inayotajwa na wataalamu ni maji yanayochepushwa huko juu Usangu, hasa kwa kilimo cha mpunga. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji wengi waliondolewa Usangu pamoja na mifugo yao, na mto uliendelea kukatika. Hatusemi kwamba mifugo haina madhara. Tunasema kwamba mara nyingi mzigo wa kuuokoa mto hutwishwa mtu asiye na mtetezi.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu na zenye kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Kwa yote tuliyoyaeleza juu ya mizizi na mchanga, sheria hii ina busara. Lakini katika nyanda zetu za juu watu wamelima vinyungu mabondeni tangu enzi za mababu. Kinyungu ndicho kinachompa mama mjane maharage na mboga wakati shamba la mlimani limekauka. Ndicho kinacholipa daftari na sare. Mama huyo akimwuliza mchungaji wake, "Baba Mchungaji, nikiacha kinyungu watoto watakula nini?" hatujibu vyema kwa kumsomea kifungu cha sheria. Wala hatujibu vyema kwa kumwambia alime tu, kana kwamba walio chini ya mto si watoto wa Mungu.

Katika Katekisimu Ndogo tumefundishwa kwamba amri ya saba, usiibe, haikomi kwenye kutochukua mali ya jirani. Inatudai pia tumsaidie jirani kuilinda na kuiongeza. Basi yule wa chini ya mto ni jirani, na maji yake ni mali yake. Lakini huyu wa kinyungu naye ni jirani, na riziki yake ni mali yake. Amri moja inawalinda wote wawili. Kwa hiyo, hatuwezi kumtaka mjane awe ukingo peke yake. Usharika unaomwomba aiachie mikuyu na mivengi irudi mtoni unatakiwa kumtafutia mahali pengine pa kulima, hata kama ni katika shamba la usharika. Mwenye mfereji mkubwa huko juu aambiwe maneno yaleyale anayoambiwa mwenye jembe moja, na kwa sauti ileile. Na tunapopanda miti, tupande inayofaa. Mikaratusi iliyopandwa kwenye chanzo cha maji kwa sababu hukua haraka na huuzwa nguzo ni mti unaopokea bila kurudisha.

Liko tukio la Injili linalotusaidia kufunga hoja. Katika Luka 19, Zakayo anapanda mkuyu huko Yeriko, katika bonde kavu la Yordani. Mkuyu ule ni wa aina ileile tunayoiona kando ya makorongo yetu. Yesu anamwita kabla hajalipa chochote, naye anampokea Bwana nyumbani kwa furaha. Baada ya kupokea, Zakayo anatoa nusu ya mali yake kwa maskini na kuahidi kuwarudishia mara nne wale aliowadhulumu. Zakayo alikuwa mtu wa juu ya mto, aliyechepusha maji ya wengine kwenda shambani kwake. Neema ilipomfikia, akaufungua mfereji.

Basi jibu letu ni hili. Aliyepokea hadaiwi kulipa maji, kwa kuwa hayalipiki. Anadaiwa kuilinda njia yake, ili yamfikie na anayeishi chini yake.