Mkwaruzo si Maafa

Gari halikai Kakamega mwaka mzima likabaki bila alama. Bodaboda atapenya kati yako na lori kwenye barabara ya Mumias, na usukani wake utaacha mstari mlangoni. Trekta la miwa litakuja limeshindiliwa hadi mabua yanachomoza pembeni, nawe ukilipita karibu litakuchora ubavuni. Siku ya mazishi utaegesha chini ya mparachichi kwenye boma la watu, na watoto wataandika majina yao juu ya vumbi kwa kijiti. Mvua ya mawe nayo haibishi hodi.

Ndiyo maana mwenye gari jipya huanza kuuliza mapema: je, kuna bima ya haya madogo madogo? Na jipya kwa wengi wetu ni lile lililotumika Japani likashushwa Mombasa kabla ya kupita umri wa miaka 8 unaoruhusiwa. Limelipiwa kwa mkopo wa sako, limeoshwa, linameta. Mkwaruzo wa kwanza huuma kama msumari kwenye kiatu.

Kuna nchi, kama Uingereza na Afrika Kusini, ambako bima ya mikwaruzo na mibonyeo huuzwa peke yake. Hapa kwetu jambo hilo kwa kawaida hutafutwa ndani ya bima kamili, ile tunayoiita komprehensivu. Ukisikiliza tangazo la redio utadhani umekingwa dhidi ya kila kitu. Ukiisoma sera yenyewe utakutana na ekses, yaani sehemu ya hasara unayoibeba mwenyewe kabla kampuni haijatoa senti. Tuchukue gari la shilingi milioni 1 lenye ekses ya asilimia 2.5. Hizo ni shilingi 25,000. Fundi akitaka 8,000 kunyoosha mlango na kuupiga rangi, huna cha kudai. Bima umelipa, na mlango pia umelipa.

Mawakala wanalo jibu: ongeza kidogo, tukuondolee ekses. Kwa Kenya hiyo ndiyo iliyo karibu zaidi na bima ya urembo wa gari, na si mbaya kwa kila mtu. Ila uliza kabla ya kutia sahihi. Inafanya kazi mara ngapi kwa mwaka? Inafuta ekses yote au sehemu? Na ukidai mlango mmoja mwaka huu, ada ya mwaka ujao itakuwaje? Kisha hesabu na muda wako: kutafuta abstrakti polisi, kujaza fomu, kumngoja mkadiriaji, kuliacha gari kwenye gereji iliyoidhinishwa. Kuna madai ambayo nauli na siku za kazi zilizopotea huyameza kabla hundi haijaandikwa.

Nenda kwa fundi wa bodi wa jua kali, uone kinachozungumziwa hasa. Anabandua kitambaa cha mlango, anaingiza kibao kwa ndani na kugonga polepole kwa nyundo mpaka bati lirudi. Anapaka puti, anaiacha ikauke, anaisugua kwa msasa na maji, anapitisha kiganja akiwa amefumba macho, anasugua tena. Halafu anatazama mawingu. Kakamega hupata mvua inayokaribia milimita 2,000 kwa mwaka, na nyingi hushuka alasiri. Rangi ikipigwa hewa ikiwa na unyevu hushika ukungu mweupe, na kazi inaanza upya. Kwa hiyo fundi mzuri atakwambia ulilete asubuhi. Huo ndio ukubwa wa janga lenyewe: asubuhi moja, puti, msasa na malipo ya mtu anayeijua kazi yake.

Nakubali kwamba rangi si urembo mtupu. Mkwaruzo uliofika kwenye bati, kwa mvua hizi zetu, ni mlango wa kutu, na usipoziba ufa utajenga ukuta. Kuna pia wanaokula kwa rangi: anayekodisha gari la harusi, anayewabeba wageni wa hoteli, anayenunua magari na kuyauza. Kwao gari lenye mistari ni biashara iliyopungua, na kuongeza kinga ni gharama ya kazi. Na wenye magari yaliyowekwa rehani benki au sakoni hawana la kuchagua kuhusu bima kamili, kwa kuwa mkopeshaji huidai.

Lakini wengi wetu hatumo humo. Tunachotaka kukinga ni sura yetu mbele ya watu, na hapo ndipo suala linapotoka kwenye hesabu na kuingia kwenye maadili. Gari katika jamii hii lina kazi nyingi kuliko kumbeba mwenyewe. Usiku mama mjamzito akishikwa na uchungu, jirani hubisha mlango wa mwenye gari. Jumamosi linabeba jeneza, sufuria na wazee. Mwenye kulilinda lisiguswe ataanza kukataa: barabara hii ina miba, watoto wasiegemee, magunia hayaingii. Miaka 5 baadaye gari lake litakuwa linang'aa, naye atakuwa amejifunza kusema hapana kwa watu wake mwenyewe.

Halafu yupo yule kijana wa bodaboda. Akikukwaruza, wenzake watakusanyika, mwenyekiti wa steji ataitwa, na mara nyingi jambo litaisha kwa maneno, radhi na fedha kiasi zilizochangwa. Bima haiondoi mazungumzo hayo daima. Kampuni ikikulipa huchukua nafasi yako, na inaweza kumfuata aliyekosa aipe ilichokulipa wewe. Ukifungua dai ujue umemfungulia na yeye faili. Ikiwa amelivunja gari na kukimbia, afuatwe. Ikiwa ni mstari wa shilingi elfu chache na kijana amesimama hapo akitetemeka, mwenye gari ana nafasi ya kuamua ukubwa wa jambo.

Sheria yetu nayo ina mpangilio wake. Bima ya lazima chini ya Sura ya 405 ya Sheria za Kenya ni ya kifo na majeraha ya watu wengine. Haikulazimishi kuikatia bima rangi ya gari lako, wala ya gari la mwenzako. Waliotunga sheria waliona kwamba bati hunyooshwa, mguu uliovunjwa barabarani Lurambi huacha familia bila riziki. Anayeendesha na stika iliyokwisha muda huku akihangaika na mng'aro wa bampa amegeuza mpangilio huo juu chini.

Kuna na kipimo kingine, cha nyumbani. Tangu Oktoba 1, 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, imechukua nafasi ya NHIF. Mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara, na mchango hauwi chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Dada anayekupikia na kijana anayeliosha gari hilo kila Jumapili, je, wamesajiliwa? Michango yao inalipwa? Kama rangi ya gari imelipiwa kinga na aliyeishika ndoo hajalipiwa, tatizo halipo kwa wakala wa bima.

Bima ifanye kazi ya bima: kukubebea mzigo ambao ungekuvunja mgongo. Kata bima kamili ikiwa kupotea kwa gari kutakurudisha sifuri au kutakuachia mkopo bila gari. Kinga ya ziada ya mikwaruzo waachie ambao rangi ndiyo mkate wao. Wewe weka shilingi 1,000 kila mwezi pembeni. Mwaka ukiisha una 12,000, na usipokwaruzwa zinabaki zako. Na kabla ya kulipa ada yoyote juu ya rangi, lipa kwanza ya mtu.