Nani Aonwe Kwanza?

Neno la Siku ya Mtakatifu Luka. Somo: Marko 5:21–43



Tarehe 18 Oktoba Kanisa humkumbuka Mtakatifu Luka, ambaye Paulo, alipowaandikia Wakolosai, alimtaja kuwa ni tabibu. Siku hiyo twawaombea waganga na wauguzi wote. Safari hii twapenda kusema juu ya wauguzi wa mapokezi, wale wanaotukuta mlangoni, maana tumewakosea.

Wakati wa Kwaresima tulimpeleka hospitali mzee mmoja wa kanisa mwenye kidonda cha mguu. Tulifika alfajiri, tukapata nafasi ya mbele katika benchi, tukamshukuru Mungu. Kulipopambazuka akaja mama kijana na mtoto mgongoni. Mtoto yule hakulia wala hakujitikisa. Muuguzi alikuwa akipita mbele ya benchi. Akamtazama, akamshika mkono, kisha akamtoa katika kanga na kukimbia naye ndani. Benchi zima likanung'unika. Mmoja akasema mama huyo hakosi jamaa yake humo ndani. Mwingine akasema siku hizi bila kujuana huonwi. Na sisi tuliovaa kola hatukusema hata neno moja la kumtetea. Kusema kweli, moyoni tulikuwa upande wa benchi. Mzee wetu alipokwisha fungwa kidonda tulirudi nyumbani, wala hatukuuliza habari za mtoto yule. Mpaka leo hatujui kama alipona.

Baadaye tulimsimulia jambo hili mama mmoja wa mtaa wetu ambaye ni muuguzi wa dharura katika hospitali nyingine. Alitusikiliza, akasema, "Padre, mtoto anayelia kwa nguvu, huyo anapumua. Mimi namwogopa aliyenyamaza."

Akatueleza kazi yake. Mtoto akiletwa, kwanza hutazama kama anapumua vema, na kama ulimi umegeuka rangi ya buluu. Hushika mikono kama ni ya baridi. Hubonyeza ukucha na kuuachia, na damu ikichelewa kurudi zaidi ya sekunde 3, hiyo ni hatari. Hutazama kama mtoto ana degedege, au kama haamki akiitwa. Mwenye kuhara humfinya ngozi ya tumbo aone kama yarudi polepole. Hayo yote hayamchukui hata dakika moja au mbili, na mtu wa benchi aweza kudhani kwamba amemtazama tu. Akiona dalili moja katika hizo, hangoji kadi wala malipo, huita wenzake. Wengine, kama mtoto mchanga wa chini ya miezi miwili, aliyeungua moto, aliyekunywa sumu au aliyepungukiwa damu sana, huwasogeza mbele ya foleni. Waliobaki ndio wanaongoja zamu.

Si mambo ya kubuni mlangoni. Mafundisho haya yalitolewa na Shirika la Afya Duniani, na nchi jirani ya Malawi ilikuwa mojawapo ya mahali yalipojaribiwa. Katika hospitali kuu ya Queen Elizabeth, Blantyre, kabla ya kupanga upya mapokezi ya watoto na huduma yao ya kwanza, katika kila watoto 100 waliolazwa walikuwa wakifa kati ya 10 na 18. Baada ya kupanga upya, wakawa kati ya 6 na 8. Kwa watu wazima, wenzetu wa Afrika Kusini wametumia rangi tangu miaka ya 2000: nyekundu aonwe papo hapo, ya machungwa ndani ya dakika 10, njano ndani ya saa moja, kijani ndani ya saa nne. Mzee wetu wa kidonda, akasema yule mama, alikuwa kijani. Tuliona haya kidogo.

Asili ya jambo hili ni vitani. Larrey, mganga wa majeshi ya Napoleon wa Ufaransa, alishika kanuni kwamba aliyejeruhiwa vibaya zaidi atibiwe kwanza, awe jemadari au askari wa kawaida, awe wa kwao au wa adui. Mtume Yakobo, aliyewakemea watu waliompa kiti kizuri mwenye pete ya dhahabu, angalipendezwa naye.

Lakini muuguzi wetu alikuwa na swali, na ndilo lililotufanya tuandike. "Padre," alisema, "nikisoma habari za Yairo nafadhaika. Binti yake yu katika kufa. Huyo ni nyekundu. Yule mama ametokwa na damu miaka 12, anatembea kwa miguu yake mwenyewe. Angeweza kungoja mpaka jioni. Bwana anasimama njiani kwa ajili yake, na mtoto anakufa. Mimi nikifanya hivyo nafukuzwa kazi, na ni haki yangu."

Hatukuwa na jibu siku ile. Tumelisoma somo tena mara nyingi. Jambo la kwanza, amesema kweli, wala tusimfunike kwa maneno matamu. Yairo aliposikia kwamba binti amekwisha kufa, bila shaka alimtazama yule mama kama benchi lilivyomtazama yule kijana wa kanga. Bwana aliweza kusimama kwa sababu mlango ambao kwetu hufungwa, kwake ulikuwa wazi: alimshika binti mkono naye akaondoka. Muuguzi hana uwezo huo. Akichelewa, amechelewa. Kwa hiyo Bwana hakutupa hapa kanuni ya mapokezi, na asiwepo mtu wa kumwambia muuguzi kwamba angekuwa na imani asingetuchagua.

Jambo la pili ni juu ya yule mama. Marko asema aliteswa mikononi mwa waganga wengi, akamaliza mali yake yote, na hali ikazidi kuwa mbaya. (Luka, anapoyasimulia hayo, hawasemi waganga kwa ukali huo, labda aliwahurumia wenzake!) Miaka 12 alikuwa mtu wa kungoja kesho. Tulipomwambia muuguzi hayo, alinyamaza, kisha akasema kwamba nao wameagizwa kurudi kwa waliongoja na kuwapima tena, maana kijani wa asubuhi aweza kuwa nyekundu adhuhuri. "Kuna usiku sirudi kwao," akasema. "Tuko wawili, na benchi limejaa." Analala na hao ambao hakuwafikia.

Tulimwomba ruhusa ya kuyaandika haya, naye alikubali tusipomtaja jina.

Ibada ya Mtakatifu Luka itakuwa saa moja asubuhi. Wauguzi wanne wa mtaa huu watakuwa zamu saa hiyo. Tutawapelekea Ushirika Mtakatifu watakapotoka, na atakayependa kufuatana nasi akutane nasi mlangoni mwa kanisa saa tisa alasiri.